Nyavu za utafiti zilizoshonwa Bagamoyo: mkono mzuri, mazoea ya bahari

Tuseme mapema. Ukitaka wavu wa kutega kwa ajili ya sampuli za samaki wa Ziwa Victoria, Tanganyika au Nyasa, karakana hii ya Bagamoyo itakushonea wavu safi kuliko ule unaouzwa ukiwa tayari dukani. Ila ukiwaachia mafundi wachague wenyewe uzi, maboya na risasi za kuzamishia, watakupa wavu wa bahari. Wavu wa bahari ukiutega ziwani utavua, na samaki utawaona, lakini hesabu utakayoandika itakuwa imepinda tangu pwani. Kwa hiyo alama zetu ni mbili: ushonaji tunaupa tisa kati ya kumi, uchaguzi wa vifaa tunaupa nne.

Karakana yenyewe ni banda la makuti upande wa pwani, hatua chache kutoka soko la samaki. Haina kibao, watu wanaijua kwa marundo ya nyavu yaliyotundikwa mbele. Asubuhi mnada unapoendelea usitegemee kusikilizwa, kwani mafundi wanakuwa wameinamia nyavu zinazotakiwa kurudi majini siku hiyohiyo. Nenda baada ya adhuhuri. Wateja wao wakubwa ni wavuvi wa jarife, wavu wa baharini wa samaki wakubwa, lakini kwa kuwa chuo cha uvuvi cha FETA kiko Mbegani, jirani na mji, karatasi yenye vipimo vya milimita haiwashangazi.

Seti tuliyoipima ni ya vipande kumi vya wavu wa kutega, kila kimoja mita 30 kwa urefu na mita 2 kwa kina, pamoja na diski ya Secchi, ile ya kupimia uangavu wa maji, na ubao wa kupimia samaki. Diski na ubao mafundi nyavu waliviagiza kwa mchomeleaji na seremala wa jirani.

Kwanza ieleweke wavu huu unatakiwa ufanye nini. Mvuvi anataka jicho moja linalomletea samaki wa kuuzika. Mtafiti anataka macho mengi tofauti, ili apate wadogo, wa kati na wakubwa kwa uwiano unaokaribiana na ule uliomo majini. Wavu wa kutega una tabia ya kuchagua sana: jicho moja linanasa vizuri samaki wa urefu fulani, na walio wafupi au warefu kwa zaidi ya asilimia 20 hivi kuliko urefu huo hunaswa wachache mno. Ukiruka kipimo kimoja cha jicho, rika zima la samaki linapita bila kuonekana, na kwenye grafu yako litaonekana kana kwamba halipo ziwani.

Hapo ndipo agizo la kawaida la "kila nusu inchi" linapoharibu. Kutoka inchi 1 kwenda 1.5 ni ongezeko la asilimia 50, wakati kutoka 6 kwenda 6.5 ni asilimia 8 tu. Unaacha pengo kubwa kwa samaki wadogo na unarudia kazi ileile kwa wakubwa. Agizo zuri linapanda kwa uwiano. Sisi tunapendekeza macho ya milimita 25, 32, 38, 51, 64, 76, 102, 127, 152 na 203, yaani inchi 1, 1.25, 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6 na 8. Kila hatua ni ongezeko la kati ya asilimia 20 na 33. Wazungu wa nchi za Nordic, kaskazini mwa Ulaya, wana wavu wao wa kipimo sanifu wa mita 30 kwa 1.5 wenye macho 12 kwa hatua ya takriban 1.25, na fikra ni ileile. Tofauti ni kwamba wavu wao ni mmoja wenye vipande vya mita 2.5 vilivyounganishwa, na umekusudiwa maziwa ya kwao. Kwa sangara mkubwa kipande cha mita 2.5 ni kifupi mno, anaweza kukichana chote peke yake.

Usikubali kuacha macho matatu ya mwanzo hata kama fundi atalalamika kwamba yanakula muda. Hayo ndiyo ya furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 waliwakuta furu wakiwa wengi kupindukia, kisha katika miaka ya 1980 wakawashuhudia wakipotea huku sangara akiongezeka. Mtu anayeuliza leo kama furu wanarudi, na jicho lake dogo kuliko yote ni inchi 2, atajibiwa na wavu wake na si na ziwa.

Sasa kosa la kwanza la karakana, na ni kosa linalowapata wengi. Jicho la wavu lina vipimo viwili vinavyotumika: kutoka fundo hadi fundo la jirani, na jicho likiwa limevutwa. Cha pili ni mara mbili ya cha kwanza. Jicho la inchi 2 lililovutwa lina milimita 25.4 tu kutoka fundo hadi fundo. Kwenye agizo tuliloliona, kipande cha milimita 64 kililetwa kikiwa na 64 kutoka fundo hadi fundo, yaani kilikuwa cha inchi 5. Kwa macho ya kawaida hutagundua, hasa wavu ukiwa umekunjwa. Andika kwenye karatasi neno "likivutwa" mbele ya kila kipimo, na mchoree fundi jicho moja lenye mshale. Wavuvi wa ziwani wote wanazungumzia jicho lililovutwa. Hata uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Victoria ulioongozwa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928, uliopendekeza jicho lisipungue inchi 5 ili kumlinda ngege, ulihesabu hivyo. Ukichanganya, huwezi kulinganisha chochote na cha zamani.

Kupima ni rahisi. Loweka wavu maji ya kawaida kwa saa 24, kwa sababu nailoni mpya hubadilika kidogo mafundo yakikaza. Chagua macho kumi mfululizo, yavute kwa mkono mpaka yanyooke bila kulazimisha, pima yote kwa pamoja, gawa kwa kumi. Rudia sehemu tano tofauti za kipande. Tofauti ya milimita moja kwenye jicho la 102 si kitu. Kwenye jicho la 25 ni asilimia 4, na hiyo iandike kwenye daftari la kazi.

Tukija kwenye ufundi wenyewe, hapa ndipo karakana inapostahili sifa. Wavu haufungwi kwenye kamba ukiwa umenyooka, unafungwa kwa ulegevu. Ukigawa urefu wa kamba kwa urefu wa wavu uliovutwa, unapata uwiano wa ulegevu. Kwa utafiti wa ziwani uwiano wa 0.5 unafaa: mita 60 za wavu uliovutwa zinakaa kwenye kamba ya mita 30. Sampuli ya kwanza waliyotuonyesha ilikuwa 0.6, ambayo inahitaji mita 50 tu. Faida yake ni kuokoa wavu. Hasara yake ni kwamba jicho linafunguka zaidi na wavu unakuwa umekazwa: samaki wanaonasa kwa mashavu wanabaki, ila wale wanaonasa kwa kujizonga, kama gogogo na miiba yake, wanapungua. Ukikusanya takwimu mwaka huu kwa 0.6 na mwakani kwa 0.5, utaandika kwamba gogogo wameongezeka kumbe ni kamba.

Walipoelezwa walibadilisha bila ubishi, na namna walivyofanya inapendeza kuitazama. Fundi mkuu, mzee wa makamo, hakutumia futi. Alichonga kijiti cha mwanzi. Kwa jicho la 51 aliamua kufunga kila baada ya macho matatu, akapiga hesabu: mara tatu 51 ni 153, nusu yake 76. Kijiti kikakatwa milimita 76. Kuanzia hapo sindano inapita macho matatu, kijiti kinalala kwenye kamba, fundo linapigwa kwenye ncha ya kijiti, kisha fundo la pili juu yake ili la kwanza lisitembee. Kila jicho lilikuwa na kijiti chake, kimeandikwa kwa kalamu ya wino. Tulipima nafasi 50 kwenye vipande vitatu na hakuna iliyopotea zaidi ya milimita 3. Wavu wa dukani tuliolinganisha nao ulikuwa na nafasi zinazotofautiana kwa kidole kizima, na baadhi ya mafundo yalisogea yakivutwa kwa mkono.

Mwombe akuachie vijiti hivyo. Wavu ukichanika huko Kigoma, mtu yeyote anayejua kushona ataweza kuurudisha kwenye uwiano uleule.

Kina cha wavu kilitaka maelezo zaidi. Marobota mengi ya wavu wa macho makubwa yanakuja na macho 26 kwa kina, na mazoea ni kuyafunga hivyohivyo. Lakini kwa uwiano wa 0.5, kina halisi ni macho mara kipimo cha jicho mara 0.866. Macho 26 ya milimita 102 yanakupa mita 2.3, macho 26 ya milimita 203 yanakupa mita 4.6, na macho 26 ya milimita 25 hayafiki sentimita 60. Ukilinganisha samaki waliopatikana kwenye vipande hivyo bila kujali eneo lake, unalinganisha mlango na dirisha. Ili vyote viwe na kina cha mita 2, agiza macho 91 kwa jicho la 25, macho 45 kwa la 51, macho 30 kwa la 76, macho 23 kwa la 102, na macho 11 kwa la 203. Kukata na kuunganisha hivi ndiko kunakopandisha gharama, na ni gharama ya haki. Pia kazi hupimwa kwa kipande na si kwa siku, hivyo kipande cha jicho la 25, chenye macho zaidi ya 2,300 kwa urefu, kitakugharimu ufundi mkubwa kuliko cha 203 ambacho hakifiki macho 300. Usione umeibiwa.

Kuhusu uzi, hawakutuuliza. Walitumia 210D/6 (namba ya mwisho ikiwa kubwa, uzi ni mnene) kwa vipande vyote isipokuwa kimoja, kwa hoja kwamba unadumu. Baharini, penye miamba na matumbawe, hoja hiyo ni nzito. Kwa furu wa sentimita 10, uzi huo ni kamba: mgumu, unaonekana, na samaki anaugusa akarudi nyuma kabla ya kunasa. Omba 210D/2 kwa macho ya 25 hadi 64, 210D/3 kwa 76 hadi 127, na 210D/6 au 9 kwa 152 na 203. Usishawishike na wavu wa timba, ule wa uzi mmoja unaong'aa, hata kama unanasa zaidi. Kanuni za uvuvi nchini zinaupiga marufuku, na ukishikwa nao mwaloni utaeleza mpaka jua lizame. Hata macho yako madogo yanahitaji kibali cha utafiti. Beba barua yake halisi, na uionyeshe kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo huo, kabla hujatega na si baada ya kuulizwa.

Maboya na risasi ndipo tulipopoteza siku mbili, na ndipo tunapotaka msomaji akae zaidi.

Fundi wa pwani akisikia wavu wa kuzama, anafikiria mkondo. Bagamoyo maji yanakupwa na kujaa, na wakati wa bamvua wavu mwepesi unaburutwa mpaka mdomoni mwa mto. Swali lake la kwanza likawa: "Sasa wanangu, huko ziwani bamvua lao likoje?" Ni swali la mtu anayejua kazi. Jibu ni kwamba ziwani hakuna bamvua la kuhesabika. Kuna upepo, kuna mawimbi, kuna maji ya chini yanayoyumba taratibu, lakini hakuna ule mvuto wa kila saa sita. Kabla ya jibu hilo, kila kipande kilikuwa tayari kimewekwa risasi 60 za gramu 50. Hiyo ni kilo 3 hewani na takriban kilo 2.7 ndani ya maji. Chini ya Ziwa Victoria sehemu kubwa ni tope laini. Kamba ya chini yenye uzito huo inazama kwenye tope, macho ya safu za chini yanajifunga, na wavu wako wa mita 2 unabaki na mita moja na nusu inayovua. Ukiuvuta asubuhi unapandisha ndoo za tope.

Tuliwaomba watumie risasi 60 za gramu 20, sawa na kilo 1.2 hewani na kilo 1.1 majini, pamoja na maboya 30 yenye uwezo wa kubeba gramu 25 kila moja, jumla gramu 750. Uzito wa chini unazidi mnyanyuo wa juu kwa karibu nusu, wavu unasimama wima, na kamba ya chini inagusa tope bila kuzikwa. Kwa wavu wa kuelea juu geuza: mnyanyuo uzidi uzito, na kamba ya chini ibaki na risasi za kutosha kuunyoosha tu.

Uwezo wa boya usiuchukue kwa maneno ya muuzaji. Jaza ndoo maji ya bomba, funga boya kwenye uzi, ongeza risasi ndogondogo mpaka lianze kuzama, kisha pima risasi hizo ukikumbuka kwamba risasi hupoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake ikiwa majini. Tumesema maji ya bomba kwa makusudi. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko ya ziwa, hivyo boya lililojaribiwa ufukweni linaonekana lina nguvu kuliko litakavyokuwa Mwanza. Tofauti ni ndogo, ila inaelekea upande mbaya.

Halafu kuna maboya ya ndala. Kukata ndala kuukuu na kutoboa tundu katikati ni ubunifu mzuri, ni bure, na kwa wavu wa juu hauna tatizo. Kwa wavu wa chini ni hasara. Kwenye mita 40 za maji shinikizo ni karibu mara tano ya la hapa juu, na sponji ya ndala inabonyea, boya linakuwa dogo, nguvu yake inapungua. Wavu ulioonekana umesimama vizuri kwenye mita 3 unalala chali kwenye mita 40, na wewe uliye juu ya mtumbwi huoni kitu. Asubuhi unawakuta samaki wachache, wote karibu na kamba ya chini. Taka maboya ya plastiki ngumu yenye tundu katikati. Karakana inayo, ila huyatoa kwa anayeyaomba tu kwa sababu bei yake iko juu.

Kitu kingine kidogo chenye uzito: kamba ya juu wanatumia ya polipropilini, na ni sawa, kwani inaelea. Waambie kamba ya kuunganishia vipande iache nafasi ya mita moja kati ya kipande na kipande, na kwamba kila kipande kiwe na kibao chake cha plastiki chenye kipimo cha jicho kilichochomwa kwa msumari wa moto. Wino unafutika wiki ya kwanza. Vipande visipangwe kutoka jicho dogo kwenda kubwa. Samaki anayefuata wavu akikuta macho madogo kisha makubwa kwa mpangilio, anaelekezwa. Piga kura, changanya, na andika mpangilio uleule kwa kazi yote.

Diski ya Secchi ilirudishwa. Mchomeleaji aliitengeneza ya sentimita 30, nyeupe yote, ambayo ni ya baharini. Ya maziwa ni sentimita 20, robo nne zikipishana nyeusi na nyeupe. Ya pili ilikuwa sahihi kwa kipimo, ila rangi yake iling'aa. Taka rangi isiyoakisi jua. Kamba yake isiwe ya nailoni, inayonyonya maji na kurefuka, na hata ya aina nyingine ilowekwe usiku mzima kabla ya kutia alama za kila sentimita 10. Kwa Ziwa Victoria mita 10 za kamba zinatosha, maana maeneo mengi ya karibu na ufuko diski inapotea kabla ya mita 2. Kwa Tanganyika beba 30. Somea upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, bila miwani ya jua. Andika kina inapopotea, andika kina inaporudi kuonekana ukiivuta, chukua wastani.

Ubao wa kupimia ni mzuri. Mbao nzito iliyopakwa vanishi, kizuizi cha kichwa kimekaa pembe mraba, na rula ya chuma imezamishwa ndani ya mfereji, haikubandikwa juu. Rula za kubandika huanza kunyanyuka siku ya tatu. Kagua jambo moja tu: sifuri ya rula iguse kizuizi barabara. Wetu ulianza milimita 2 mbele. Kwa sangara wa sentimita 70 hilo halina maana, kwa dagaa wa milimita 50 ni asilimia 4. Seremala alilirekebisha kwa dakika kumi.

Yapo yanayotokea ziwani ambayo karakana haiwezi kulaumiwa. Kubwa ni oksijeni. Tanganyika ina kina cha juu kabisa cha mita 1,470, lakini chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na hadi 200 upande wa kusini, hakuna oksijeni ya kumweka samaki hai. Upepo wa kusi wa kati ya Mei na Septemba unainamisha tabaka la maji ya joto, na ukipungua tabaka linayumba kwa mizunguko ya wiki tatu hadi nne. Mpaka huo wa oksijeni unapanda na kushuka. Ziwa Victoria halizidi sana mita 80, nalo lina msimu wake: maji huchanganyika vizuri kuelekea Juni na Julai, na katika miezi ya joto maji ya chini kwenye kina kirefu hupungukiwa oksijeni. Wavu uliotegwa chini kwenye mita 55 mwezi Februari ukarudi mtupu haujakuambia kwamba samaki wameisha. Pima oksijeni kila mita 5 kabla ya kutega, na uandike kipimo hicho kwenye mstari uleule wa daftari ulioandikia samaki. Kipima oksijeni hukipati kwenye banda hili, azima au kodi kabla hujasafiri.

Maji ya Tanganyika ni maangavu, kwa hiyo hata uzi mwembamba unaonekana mchana. Tega saa 12 jioni, vua saa 12 asubuhi, na ziwa lolote unalolifanyia kazi muda huo usibadilike. Eleza mavuno kwa idadi na uzito kwa kila mita 100 za mraba za wavu kwa usiku mmoja. Kipande chako kimoja ni mita 60 za mraba, na seti nzima ni 600.

Gogogo atakula muda wako. Miiba yake ya mgongoni na ya ubavuni inajifunga ikisimama, na ukimvuta unavunja nyuzi tano. Kata uzi mmoja ulio nyuma ya mwiba, mzungushe atoke. Kamongo yeye anakata mwenyewe kwa meno. Beba gurudumu moja la uzi wa kila unene, sindano nne za kushonea, na vile vijiti vya mwanzi.

Kwa usafiri, kunja kila kipande peke yake ndani ya kiroba, kamba ya juu upande mmoja na ya chini upande mwingine, na ufunge kwa ukanda wa kitambaa. Usifunge kwa waya. Baada ya kazi suuza kwa maji safi, anika kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni, kisha tundika mbali na sakafu. Panya hawali nailoni, wanatafuna harufu ya samaki iliyobaki humo.

Kuhusu muda, seti ya vipande kumi iliwachukua mafundi watatu siku kumi na moja, mbali ya zile mbili za kubadilisha risasi na maboya. Wanataka nusu ya malipo mwanzoni kwa ajili ya kununua wavu na kamba, na walitoa risiti ya mkono yenye kila kipimo, jambo ambalo wahasibu wa miradi watalifurahia. Usiagize wakati wa demani, bahari ikiwa shwari na kila mvuvi akitaka wavu wake leo. Ukiagiza ndani ya Ramadhani ongeza siku tano, na uwakute asubuhi baada ya mnada kabla jua halijapanda.